Saa ya baba ina namba ya kiwanda kingine: je, ni ya bandia?

SWALI: "Marehemu baba yangu alisoma uhandisi Moscow kuanzia 1974 hadi 1980, akarudi Tanga na saa ya kutia ufunguo ambayo aliivaa mpaka alipostaafu. Usoni imeandikwa Слава (Slava), ina kidirisha cha tarehe, na chini kabisa kuna herufi ndogo sana zisemazo Сделано в СССР, yaani imetengenezwa Umoja wa Kisovieti. Kwenye kasha pana alama ya AU10. Ilisimama miaka mingi iliyopita. Mwezi uliopita niliipeleka kwa fundi. Alipoifungua akaniambia kwamba si saa halisi bali imeungwaungwa, kwa sababu mashine ina namba 2414, ambayo kwenye intaneti ni mashine ya Vostok, kiwanda kingine cha saa cha Kisovieti, na kwa sababu ina ngoma mbili za springi badala ya moja. Alisema pia kwamba ilisimama kwa kuwa ilijazwa ufunguo kupita kiasi, akanishauri atoe mashine yote aweke ya betri. Jirani yetu naye anadai kwamba kasha ni la dhahabu na yuko tayari kuinunua. Je, baba alitapeliwa? Niitengeneze au niiache? Na kwa kuwa nimeanza kuzipenda saa hizi, nimeona mtandaoni moja yenye nembo ya KGB. Ni pazuri pa kuanzia?"

JIBU: Pole kwa kufiwa na mzee. Nimelisoma swali lako mara mbili, na ninahisi kwamba kinachokuuma si kusimama kwa saa bali lile neno la fundi, kwamba baba alivaa kitu cha bandia kwa miaka yote hiyo bila kujua. Nianze hapo basi. Katika yote uliyoyaeleza hakuna hata moja linaloonyesha udanganyifu. Mambo mawili yaliyomtia fundi shaka, yaani namba 2414 na ngoma mbili za springi, ndiyo ambayo mimi ningeyatafuta kwanza kama ningetaka kuthibitisha kwamba saa hiyo ni Slava kweli.

Fundi wako hakukosea kwa ujinga. Amezoea saa za Uswisi na Japani, ambako namba ya mashine ni mali ya kampuni fulani, kiasi kwamba ukiikuta ndani ya saa yenye jina la kampuni nyingine una haki ya kuuliza imefikaje humo. Katika Umoja wa Kisovieti mambo hayakuwa hivyo. Viwanda vyote vya saa vilikuwa vya serikali, na namba za mashine zilitolewa kwa utaratibu mmoja kwa nchi nzima. Tarakimu mbili za kwanza zinataja kipenyo cha mashine kwa milimita, na mbili za mwisho zinataja kazi zake. Kwa mfano, 09 ni mashine yenye mshale wa sekunde katikati pamoja na kinga dhidi ya kishindo saa inapoanguka. 14 ni hiyo hiyo ikiongezewa tarehe. 16 ni yenye tarehe na inayojijaza yenyewe mkono unapotembea. 28 ina siku ya wiki na tarehe. Na 33 ni ya kupimia muda kama zile za wanamichezo na marubani. Kwa hiyo 2414 haisemi "Vostok". Inasema tu kwamba mashine ina upana wa milimita 24, ina sekunde katikati, kinga ya kishindo na tarehe. Ni kama namba ya kiatu: ukiambiwa kiatu ni namba 42 hujaambiwa kimeshonwa na nani. Vostok walikuwa na 2414 yao, Slava walikuwa na yao, na ukiziweka mezani bega kwa bega hata mtoto ataona kwamba hazifanani, wala kipuri cha moja hakiingii kwenye nyingine. Hali ni hiyo hiyo kwa 2209, ambayo kwa Vostok ni mashine ya kawaida yenye unene wa kutosha, lakini kwa kiwanda cha Kwanza cha Moscow, na baadaye Luch ya Minsk, ni miongoni mwa mashine nyembamba sana zilizowahi kutengenezwa nchini humo, isiyofika milimita 3.

Ngoma mbili ndizo zinazomaliza shauri. Saa ya kutia ufunguo hupata nguvu zake kutoka kwenye kamani, yaani utepe mrefu wa chuma uliokunjwa ndani ya ngoma ndogo yenye meno. Unapozungusha kichwa cha saa unaikaza kamani, nayo ikijikunjua polepole inasukuma magurudumu mpaka kwenye gurudumu la mizani, ambalo huenda na kurudi na kugawa muda. Tatizo la kamani ni kwamba husukuma kwa nguvu nyingi ikiwa imejaa na kwa nguvu kidogo inapokaribia kuisha, na saa hubadilisha mwendo ipasavyo. Wahandisi wa Kiwanda cha Pili cha Saa cha Moscow, ambao ndio wenye jina la Slava, walichagua katika miaka ya 1960 kutumia kamani mbili ndogo zinazosukuma kwa pamoja mahali pa moja kubwa, ili msukumo uwe tulivu zaidi. Mashine za kutia ufunguo zenye ngoma mbili hazikuwa za kawaida mahali popote wakati ule, na kati ya saa za Kisovieti mpangilio huo ndio alama ya Slava. Kwa hiyo mtu aliyefungua kasha lenye uso wa Слава akakuta ngoma mbili na namba 2414 amekuta kile hasa kilichotakiwa kuwemo. Kama angekuta ngoma moja, hapo ndipo ningeshtuka.

Nisiseme zaidi ya ninavyoweza. Sijaiona saa yenyewe, na barua haiwezi kuniambia kama mishale au kichwa vilibadilishwa na fundi mwingine njiani, jambo ambalo kwa saa iliyovaliwa kila siku miaka thelathini ni la kawaida na wala si utapeli. Mwombe fundi akupigie picha ya mashine. Kwa kawaida utaona jina la Slava au alama yake, namba 2414, na maneno "21 камень", yaani vito 21. Hivyo ni vijiwe vya rubi iliyotengenezwa kiwandani, vinavyowekwa mahali ambapo ncha za magurudumu hugusa ili chuma kisilike chuma. Uso wenye herufi za Kirusi nao una la kusema: saa zilizokusudiwa kuuzwa nje mara nyingi ziliandikwa kwa herufi za Kilatini, kwa hiyo inaelekea baba aliinunua dukani huko huko, kama alivyonunua mwanafunzi au mfanyakazi yeyote wa Kirusi.

Kuna jambo la kihistoria ambalo huenda likakufurahisha, kwa sababu fundi wako, bila kujua, ametaja viwanda viwili vyenye undugu wa damu. Kati ya 1929 na 1930 serikali ya Kisovieti ilinunua nchini Marekani mitambo ya viwanda viwili vilivyofilisika: Dueber-Hampden cha Canton, Ohio, kilichotengeneza saa za mfukoni, na Ansonia cha Brooklyn, New York, kilichotengeneza saa za mezani na ukutani. Mitambo ilisafirishwa kwa meli, na mafundi wa Kimarekani takriban 20 wakaifuata Moscow kuwafundisha vijana ambao wengi wao walikuwa hawajawahi kushika bisibisi ya saa. Mwaka 1930 Kiwanda cha Kwanza kikaanza kutoa saa za mfukoni zilizofanana sana na za Hampden, na Kiwanda cha Pili kikaanza safari yake na saa za mezani na za kuamsha. Ilipofika 1936 walikwenda tena nje, safari hii kwa LIP ya Besançon, Ufaransa, ili kupata michoro na mitambo ya saa ndogo za mkononi. Kutoka huko ilikuja mashine ambayo baada ya vita ilivikwa jina la Pobeda, yaani Ushindi, na kutengenezwa katika viwanda kadhaa kwa wakati mmoja. Hapo unaona kwa nini mtu anayeuliza "Pobeda halisi ni ya kampuni gani?" anauliza swali lisilo na jibu. Ilikuwa saa ya mpango wa serikali, na kila kiwanda kilichopewa mchoro kilitengeneza ya kwake iliyo halali.

Wajerumani walipokaribia Moscow mwaka 1941, viwanda vilifungashwa na kupelekwa mashariki. Cha Kwanza kilikwenda Zlatoust katika milima ya Ural. Cha Pili kilikwenda Chistopol, mji mdogo ulio kando ya mto Kama katika Tatarstan, kikaendelea kufanya kazi za vita. Hatari ilipopungua sehemu ya watu na mitambo ilirudi Moscow, na sehemu ikabaki. Iliyorudi ndiyo iliyokuja kuitwa Slava. Iliyobaki Chistopol ndiyo iliyokuja kuitwa Vostok. Kwa maneno mengine, hizo 2414 mbili zilizogombanishwa kwenye meza ya fundi ni za watoto wa mama mmoja waliotenganishwa na vita.

Sasa suala la kujazwa ufunguo kupita kiasi. Imani hii nimeisikia tangu nikiwa mwanagenzi, na bado naisikia kila mwezi. Ni kweli kwamba mtu anaweza kukata kamani akilazimisha kichwa kwa nguvu za koleo, lakini saa haisimami kwa sababu ya "kujaa mno". Saa iliyojaa ufunguo isiyotembea ni saa yenye kizuizi mbele ya kamani, na kizuizi hicho kwa kawaida ni mafuta. Mafuta ya saa ni matone madogo mno yaliyowekwa kwenye vile vito. Baada ya miaka kadhaa hukauka na kuwa kama gundi, vumbi likajichanganya humo, na nguvu ya kamani ikashindwa kufika kwenye mizani. Katika pwani zetu ongeza unyevu na chumvi ya bahari, ambavyo hupita kwenye mpira uliochakaa na kuanzisha kutu kwenye shina la kichwa. Kama saa yako inakaza vizuri lakini inakataa kutembea, dalili hizo zinaelekeza zaidi kwenye uchafu kuliko kuvunjika. Dawa yake ni kufunguliwa yote, kuoshwa kipande kimoja kimoja, kukaguliwa na kutiwa mafuta mapya. Kwa sasa usiendelee kuizungusha "kuijaribu", kwa sababu kila jaribio linasaga mafuta makavu kwenye ncha za magurudumu.

Kuhusu dhahabu, herufi AU10 zinamaanisha kwamba kasha limepakwa dhahabu yenye unene wa maikroni 10, yaani sehemu moja ya mia ya milimita. Unywele wa mtu ni mnene mara kadhaa kuliko hapo. Chini ya ngozi hiyo ni shaba nyeupe au ya njano. Saa ya Kisovieti ya dhahabu tupu huwa na mhuri wa kiwango cha dhahabu, mara nyingi 583, ukiambatana na nyota yenye nyundo na mundu, si AU. Upako wa maikroni 10 ni mzuri na unadumu kuliko wa saa nyingi za leo, ila jirani akiyeyusha kasha hatapata hata pesa ya nauli. Sidhani kwamba ana nia mbaya. Mwonyeshe tu aya hii, halafu uone kama bado anaitaka.

Na sasa uamuzi wenyewe. Una njia tatu, na nitakupa maoni yangu bila kuficha. Ya kwanza ni ushauri wa fundi, kuweka mashine ya betri. Ni rahisi na saa itasema saa ngapi. Lakini mashine ya betri haina vipimo vya Slava, kwa hiyo fundi atalazimika kukata shina, kubadilisha mishale, na huenda akavunja miguu miwili midogo iliyo nyuma ya uso wa saa ili uingie. Kazi hiyo ikishafanyika hairudishwi. Kwa saa yoyote ningekuwa na wasiwasi. Kwa saa ya mzazi ninakataa kabisa. Ya pili ni kuiacha kama ilivyo, na hilo si jambo la aibu: ifutwe kwa kitambaa kikavu, itolewe mkanda wa ngozi kwa kuwa ngozi hufyonza jasho na kuozesha kasha, kisha iwekwe mahali pakavu. Ya tatu ni kuisafisha na kuitengeneza. Ningechagua hii ya tatu, kwa sharti la kumpata fundi anayefaa.

Lazima niwe mkweli kuhusu hesabu. Saa za Slava zilitengenezwa kwa mamilioni, na bei yake sokoni bado ni ya chini. Gharama ya kuisafisha ipasavyo inaweza kuzidi thamani ya saa yenyewe. Ukitafuta faida, hapa hakuna. Upande wa neema ni kwamba wingi huo unafanya vipuri vipatikane kwa urahisi: mara nyingi ni nafuu kununua Slava nyingine mbovu yenye mashine hiyo hiyo 2414 na kuifanya ghala la vipuri kuliko kutafuta gurudumu moja peke yake. Hakikisha tu kwamba ni 2414 ya Slava, yenye ngoma mbili; sasa unajua kwa nini.

Fundi unayemtaka ni yule anayefanya saa za kutia ufunguo kila wiki, si yule anayebadilisha betri na mikanda. Mwulize kama anazifungua zote na kuziosha au anapuliza na kudondosha mafuta juu juu. Huo wa pili ndio unaoua saa nyingi. Mwulize kama ana kifaa cha kusikiliza mapigo ya saa na kupima mwendo. Mwambie kabla hajaanza kwamba mashine ina ngoma mbili, ili alegeze nguvu ya kamani zote kabla ya kufungua daraja lolote, yaani kibamba kinachoshika magurudumu, maana gurudumu lililokazwa likiachiwa ghafla huvunja meno. Asipokuwa tayari kukurudishia vipande vyovyote atakavyobadilisha, ondoka na saa yako. Kama Tanga hayupo, Dar es Salaam na Mombasa bado wako mafundi wazee wa kazi hii, na safari moja ni bora kuliko majaribio matatu.

Usoni pa saa pasiguswe. Hata kama pamepata madoa, pasifutwe wala pasipakwe rangi upya. Niliwahi kuufuta uso wa Raketa, saa nyingine ya Kisovieti, kwa pamba yenye spiriti, nikijiamini, na maandishi ya kiwanda yakaondoka yote na pamba. Mpaka leo naiweka saa ile kwenye droo kama adhabu. Kioo ni jambo jingine. Vioo vingi vya saa hizi ni vya plastiki, na mikwaruzo midogo huondoka kwa dawa ya meno ya kawaida na kitambaa laini, ukisugua polepole na kuzuia maji yasifike kwenye kichwa cha saa.

Swali lako la mwisho, lile la KGB, nitalijibu kwa kifupi kwa sababu halihitaji kirefu. Saa zenye nembo ya KGB, vifaru, na vichwa vya viongozi ni, kwa sehemu kubwa, bidhaa za ukumbusho kwa watalii wa mwishoni mwa miaka ya 1980 na ya miaka ya 1990. Hazikuvaliwa na majasusi. Ni haki yako kuzipenda, ila usilipe bei ya historia. Ukitaka kitu kilichowahi kuhusiana na jeshi, soma kwanza kuhusu Komandirskie za Vostok zenye maandishi ЗАКАЗ МО СССР, yaani zilizoagizwa na Wizara ya Ulinzi, kisha ujihadhari nazo pia, kwa kuwa maandishi hayo hughushiwa.

Kwa mtu anayeanza na anayetaka kuvaa anachonunua, mimi hupendekeza Amphibia ya Vostok, saa ya kuzamia iliyotoka 1967. Wahandisi wa Chistopol hawakuwa na vifaa vya kukata kasha kwa usahihi wa Kiswisi, kwa hiyo walifanya kitu cha akili zaidi: waliacha maji yenyewe yafanye kazi. Mfuniko wa nyuma haujikazi kwa nyuzi zake. Ni kisahani kinachokaa juu ya mpira mnene, kikishikwa na pete ya pembeni, na kadiri unavyozama ndivyo maji yanavyokisukuma mfuniko uubane mpira zaidi. Kioo nacho ni plastiki nene inayobonyea kidogo na kuziba ukingo wake. Ndiyo maana iliandikwa mita 200. Usishtuke ukikifungua kichwa chake ukaona kinalegalega. Kimetengenezwa hivyo makusudi ili kipigo kisifike kwenye shina, na wanunuzi wengi huirudisha saa nzima wakidhani ni mbovu. Lakini ya zamani usiogelee nayo mpaka mipira yake ibadilishwe.

Unaponunua kwa picha, tazama kama mishale inafika kwenye alama za dakika, maana mishale mifupi au mirefu mno ni ya saa nyingine. Uso unaong'aa kama wa jana kwenye kasha lililochakaa umechapwa upya. Muuzaji asiyeonyesha mashine ana sababu. Jihadhari pia na saa kubwa za mkononi zenye majina ya Kijerumani au Kiswisi ambazo ndani yake mna mashine ya mfukoni ya Molnija ya Chelyabinsk. Mashine ni nzuri na ya kweli, ila saa iliyoizunguka ilitengenezwa juzi. Na ukikutana na saa ya miaka ya 1940 au 1950 yenye mishale iliyopakwa rangi ya kung'aa gizani, ambayo sasa ina rangi ya kahawia na kumomonyoka, usiifungue wala kuikwangua mwenyewe, kwa sababu rangi hiyo inaweza kuwa na radiamu, madini ya mionzi ambayo hayaishi nguvu kwa umri wa binadamu na ambayo vumbi lake si la kuvuta puani. Slava ya baba, kwa umri wake, haimo katika kundi hilo.

Jambo moja kabla hujairudisha kwa fundi yeyote. Mafundi wa zamani walikuwa na desturi ya kukwangua kwa ncha ya sindano, upande wa ndani wa mfuniko, alama zao pamoja na tarehe kila walipoisafisha saa. Mwombe fundi aupige picha upande huo kabla ya kuosha chochote, na asiusugue. Kama baba aliwahi kuitengenezesha, iwe Moscow au Tanga, huenda tarehe ikawa bado imo humo.